Mvuo wa Kwanza

Mwanvua alichagua bastola kama anavyochagua dagaa: alizigusa zote, akazipima mkononi, kisha akainusa moja. Gasper, muuzaji wa duka lile la silaha jijini Mwanza, alijizuia kucheka. Mteja alikuwa mama wa Katonga, Kigoma, mwenye mitumbwi na nyavu zake mwenyewe za kuvulia dagaa na kibali halali ndani ya mkoba, na mteja wa namna hiyo hachekwi.

"Hii ndefu inalenga mbali, mama," Gasper alisema, "ila kwenye mkoba itakusumbua. Chukua hii fupi. Mtutu wake ni kama kidole gumba, na nyundo imefichwa ndani isinase kwenye khanga. Inabeba risasi tano."

"Mbona haina kufuli?"

"Kufuli yake ni uzito wa triga. Jaribu. Unaona mvuto ulivyo mrefu? Haifyatuki mpaka mtu akusudie."

Mwanvua alivuta. Ilikuwa tupu, ikalia kidogo tu. Akatabasamu, maana mikono iliyovuta nyavu tangu usichana haikuona uzito wowote. Akailipia ile fupi, na ndani ya basi la kurudi Kigoma alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mumewe azikwe.

Mumewe aliuawa na majambazi wa ziwani. Walichukua injini, wakamtosa majini, na kabla ya kuondoka wakawaambia vibarua wake kwamba safari ijayo watafika nyumbani. Nyumbani kulikuwa na Mwanvua na Wema, binti yake wa pekee. Injini nyingine angenunua. Bastola aliinunua kwa ajili ya Wema, na jambo hilo naomba lisisahaulike.

Hapo angetulia. Lakini watu wa ziwa lile hawaingizi kifaa kipya kazini kikiwa kikavu. Wavu mpya hupelekwa kwanza kutiwa dawa, ili uite samaki. Nyavu zote za Mwanvua zilipitia mikononi mwa mzee Bonaventura wa Mwamgongo, kwa hiyo akapanda boti akampelekea na bastola, imeviringishwa kwenye khanga.

Mzee aliitazama muda mrefu bila kuigusa.

"Mama, dawa niliyo nayo ni ya wavu tu," alinong'ona.

"Tia hiyo hiyo, mzee wangu. Sitaki initoe mikono mitupu."

"Wavu unaita, mama. Haufukuzi."

"Tia."

Akatia. Alipomaliza akamkumbusha mwiko ambao kila mwenye wavu anaujua: mvuo wa kwanza hauuzwi, huliwa nyumbani kwa mwenye wavu. Mwanvua aliitikia haraka haraka, akili ikiwa kwenye boti inayotaka kuondoka. Mwanamke mwerevu namna ile, na hakujiuliza neno.

Kuku ndio walioanza. Waliacha dagaa walioanikwa mchangani, wakaja kusimama kimya mbele ya mlango wa chumba chake. Akawafukuza kwa fagio. Kesho yake akaja mbuzi wa jirani yake Marcelina, kamba imemkatikia shingoni. Kisha akaja mtoto wa Marcelina, Frida, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Alivuka uwanja kwenye jua kali, akasimama pale pale waliposimama kuku.

"Anakupenda huyu," Marcelina alisema akimbeba, na mtoto akalia kwa uchungu wa kuondolewa.

Mwanvua alicheka. Lakini kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelowa. Alikipangusa kwenye khanga, kikalowa tena. Kilinuka ziwa.

Siku hiyo Wema alikuwa Kibirizi, sokoni, akiuza dagaa. Angerudi jioni. Mwanvua alikuwa amekesha akisubiri mitumbwi yake, akafunga mlango kwa ufunguo, wa pili akiwa nao Wema, akajilaza mchana huo, bastola chini ya mto.

Akasikia nyayo nje. Zilikuja polepole, zikasimama.

"Nani?" alinong'ona.

Ufunguo ukazunguka. Mkono wake ulikuwa umeshaingia chini ya mto. Mlango ukafunguka, jua likajaa chumbani, na Mwanvua akamwona mwanawe vizuri kabisa. Asije mtu akasema alimfananisha na jambazi. Aliuona mtandio wa njano. Aliiona miguu yenye vumbi hadi magotini, kiatu kimoja hakipo. Wema alikuwa ametembea njia yote ile kutoka Kibirizi.

"Mama, umeniita?"

Mwanvua alitaka kuushusha mkono. Mkono ukainuka. Kidole kikaanza kuvuta. Aliujua mvuto ule. Ni ule wa alfajiri, wavu umejaa, na aliyeshika kamba haachii. Alimpigia Wema kelele akimbie. Wema akasogea mbele. Triga ilikuwa nzito, Gasper alisema kweli. Muda wa kuacha ulikuwepo. Mwanvua aliumaliza wote akimtazama mwanawe machoni, na mkono ukavuta mpaka mwisho.

Wema hakufa papo hapo. Alitambaa. Hakutambaa kwenda mlangoni. Aliufuata ule mkono.

Askari waliijaribu triga, wakatazamana. "Hii haifyatuki kwa bahati mbaya, mama," mmoja alisema. Bastola ikafungiwa kwenye stoo ya vielelezo. Lakini hakuna aliyeona sababu ya mama kumuua mwanawe, Mwanvua akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akatoka kwa dhamana kusubiri kesi, akarudi kwenye chumba kile kile.

Asubuhi moja Bonaventura akaja. Hakumpa pole. Alisimama mbali, kama mtu aliyekanyaga ukingoni na hataki kuteleza.

"Wameichukua, mzee," Mwanvua alinong'ona. "Imeisha?"

"Dawa ya wavu haikai kwenye nyuzi. Inakaa kwenye mikono ya mvutaji." Akaitazama mikono ya Mwanvua. "Wa kuliwa nyumbani ameshaliwa, mama. Wanaokuja sasa ni wa kuuza."

Siku hizi Mwanvua hatoki. Amejifunga mikono kwa khanga, fundo amelikaza kwa meno. Ng'ambo ya uwanja, Marcelina anamfunga Frida kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye nguzo ya jiko. Majirani walimsema sana, kwamba mtoto si mbuzi, mpaka walipokwenda kujionea mchana. Frida alikuwa amelala fofofo kwenye mkeka, hanyooshi hata kidole. Kamba ilikuwa ikizidi kukaza, na mtoto anateleza taratibu kuelekea kwa Mwanvua.

Marcelina ameshabadilisha kamba zaidi ya mara moja. Zile za zamani amezitupa nyuma ya jiko, juani. Mpaka leo hazijakauka, na zina magamba ya samaki.