Mlango Ufunguliwe Kwanza

Asubuhi nyumbani kwa Kemilembe huanza na uji wa mtoto. Mwesiga hana subira. Akiona kikombe, anapiga meza kwa mikono yote miwili.

"Ngoja upoe, baba," Kemilembe humwambia, huku akiupuliza taratibu.

Wanaishi Buhembe, mjini Bukoba. Dastan, mume wa Kemilembe, ni dereva wa bajaji. Joviana, mama yake Dastan, analima migomba na kahawa nyuma ya nyumba. Sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kuna kompyuta ndogo. Joviana ameitandikia kitambaa alichofuma mwenyewe.

Kompyuta hiyo ni ya kikundi cha madereva wa bajaji. Mama mjamzito akishikwa na uchungu, anabonyeza kitufe kwenye simu yake. Ombi lake linafika kwenye kompyuta. Programu inatafuta bajaji iliyo karibu na kumwita dereva. Kemilembe ndiye aliyeiandika programu hiyo. Alijifunza katika darasa la jioni, Mwesiga akiwa amelala mgongoni.

Ilifanya kazi vizuri. Lakini ilikuwa na kasoro moja.

Kila asubuhi madereva hubadilishana zamu. Dastan huingiza majina mapya, kisha huizima programu na kuiwasha tena. Programu haiamki mara moja. Kwanza inasoma ramani ya mji. Kisha inasoma majina. Maji ya chai yanaweza kuchemka ikiwa bado inasoma. Ikimaliza, ndipo inafungua mlango wa kupokea maombi.

Asubuhi moja ya mvua, Esther wa Kibeta alibonyeza kitufe wakati huo huo. Simu ikajibu: *Ombi limekataliwa.* Akabonyeza tena. Limekataliwa. Akatembea kwenye matope hadi barabara kubwa, ameegemea bega la mdogo wake. Alijifungua salama, lakini alifika hospitali hoi.

Jioni hiyo mwenyekiti wa kikundi, Mzee Rutaihwa, alikuja. Hakukaa.

"Mama Mwesiga, sisi tunakuheshimu. Lakini mashine inayomkataa mzazi ni ya nini? Ikimkataa mwingine, tunaizima kabisa."

Kemilembe aliinama. Alikuwa akimfikiria wifi yake, Lilian, mdogo wake Dastan. Lilian naye alikaa Kibeta, na siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia.

"Nitaitengeneza, mzee," alisema.

"Itengeneze haraka, mwanangu. Watoto hawasubiri zamu."

Kesho yake Kemilembe alimwomba Mwamvita aje kumsaidia. Mwamvita alikuwa jirani yao, na ndiye aliyefundisha darasa la jioni. Alipobisha hodi, Kemilembe alikuwa uani akimwogesha Mwesiga, povu hadi kwenye viwiko.

Joviana akafungua mlango. "Karibu, waitu, mwenzetu! Kaa hapa. Mama Mwesiga anamwogesha mtoto, au mtoto anamwogesha yeye, sijui." Akamwekea mgeni kisahani cha akamwani, kahawa ya kutafuna. Mwamvita akakaa, akatafuna, akasubiri.

Kemilembe alipoingia, nguo zimelowa, Mwamvita alikuwa anacheka.

"Samahani, mwalimu, nimekuchelewesha."

"Hujanichelewesha. Mama amenipokea. Sasa niambie, mimi ningekuta mlango umefungwa ningefanya nini?"

"Ungerudi kwako."

"Ndivyo alivyofanyiwa Esther. Programu yako inaoga kwanza, inavaa, ndipo inakwenda kufungua mlango. Mgeni akija kabla, anakuta pamefungwa."

Kemilembe akakaa polepole. "Kwa hiyo mlango ufunguliwe na mwingine?"

"Ndiyo. Ndani ya kompyuta kuna programu ya msimamizi. Ndiyo inayoziamsha programu nyingine. Tunaiambia: fungua wewe mlango wa mtandao, mapema, na uushike. Mafundi wanauita mlango huo soketi. Siyo ile ya ukutani ya kuchomeka chaja. Maombi yakija, yanakaa kwenye foleni. Programu yako ikiamka, msimamizi anaikabidhi mlango ukiwa wazi, na wageni wako ndani."

"Nikiizima programu asubuhi?"

"Mlango haufungwi. Anaushika msimamizi."

Joviana, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, akauliza: "Na kompyuta yenyewe ikizimika?"

"Hapo hakuna nyumba, mama, wala mlango. Ndiyo maana msiitoe ile betri ya sola inayoiwasha umeme ukikatika. Tena foleni ina mwisho, na simu nayo huchoka kusubiri. Kwa hiyo mwenye nyumba asioge mpaka jioni."

"Umesikia?" Joviana alimwambia mkwewe. Wote wakacheka.

Mwamvita alieleza. Kemilembe ndiye aliyeandika. Kwanza aliandika faili fupi la kumwambia msimamizi afungue mlango upi. Kisha wakaiwasha programu.

Ikaamka, ikasoma ramani, ikasoma majina. Halafu ikaanguka. Kwenye kioo yakatokea maneno: *Mlango umeshachukuliwa.*

"Umechukuliwa na nani?" Dastan alishangaa. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia, kofia bado kichwani.

Kemilembe aliyatazama maneno yale. Mwamvita alikuwa anajua jibu, lakini alichukua tu kahawa nyingine.

Joviana ndiye aliyesema: "Wewe Dastan, mimi nikishampokea mgeni, nawe ukaenda kumfungulia tena, utafungua mlango upi?"

Kemilembe akashika kichwa. "Mama! Ndiyo hiyo! Sikuifuta ile sehemu ya zamani. Programu bado inakwenda kufungua mlango wake mwenyewe, na msimamizi ameshaufungua."

"Sasa ifanye nini?" Mwamvita aliuliza.

"Iache kufungua. Ipokee mlango inaokabidhiwa."

"Vizuri. Iambie ipokee namba tatu; milango ya kukabidhiwa huhesabiwa kuanzia hapo. Sifuri, moja na mbili zina kazi zake tayari: kuingiza maandishi, kuyatoa, na kutaja makosa."

Kemilembe alifuta, akaandika upya. Kisha wakajaribu. Dastan aliizima programu na kuiwasha tena. Papo hapo Kemilembe akabonyeza kitufe kwenye simu yake. Simu haikusema *Limekataliwa*. Ilisema *Subiri.* Wakasubiri. Mwesiga alipiga meza. Ghafla simu ya Dastan ikalia: *Abiria, Buhembe.*

"Abiria ni mke wangu!" Dastan alisema. "Nimpeleke wapi?"

"Sokoni," Joviana alijibu. "Chumvi imekwisha."

Wiki hiyo haijaisha, mvua ilinyesha tena asubuhi. Dastan aliingiza majina, akaiwasha upya programu. Mara simu ya Kemilembe ikaita. Alikuwa Lilian, anahema.

"Wifi, nimebonyeza. Imeniambia nisubiri. Nisubiri kweli?"

Kemilembe aliitazama kompyuta. Programu ilikuwa bado inasoma ramani. Lakini alijua nani ameushika mlango.

"Subiri, wifi yangu. Umeshapokewa. Usikate simu, niko nawe."

Ramani ikaisha. Majina yakaisha. Ombi la Lilian likatoka kwenye foleni, la kwanza kabisa, na dereva wa Kibeta akaitwa.

"Naisikia bajaji," Lilian alisema. "Iko mlangoni."

Alijifungua mtoto wa kike hospitalini, wauguzi wakiwa kando yake. Mzee Rutaihwa alikuja kumwona mtoto. Safari hii alikaa, akanywa chai vikombe viwili, na kila aliyepita alimwambia: "Hii mashine ni yetu. Imetengenezwa hapa hapa Buhembe, na binti yetu."

Habari zilifika Muleba. Akina mama wa huko wakamtuma Annastella, mhudumu wa afya wa kijiji chao, aje kuona kama nao wanaweza kuwa na mtambo kama huo. Alipofika, Kemilembe alikuwa uani, anamwogesha Mwesiga.

Joviana alimfungulia, akamkalisha, akamwekea kisahani cha akamwani.

"Nimekuja kujifunza ile kompyuta," Annastella alisema. "Naambiwa ni ngumu."

"Umeshaanza kujifunza," Joviana alimjibu, akainua kidevu kuelekea uani. "Mwenye nyumba anamwogesha mtoto. Wewe uko nje au uko ndani?"

"Niko ndani."

"Basi tafuna kahawa. Mkwe wangu anakuja kukuonyesha yaliyobaki."