Aliyeuliza Jina la Mtoto

Jua lilikuwa linazama nilipofungua mlango wa ofisi yetu pale Kihesa. Yetu... nasema hivyo kwa mazoea. Kaka yangu Junaid, niliyekuwa natengeneza naye tovuti, alifariki gari lilipopinduka akitoka Makongolosi. Mkewe, Mwanakhamisi, alijifungua baada ya msiba. Mtoto hakuwahi kumwona baba yake.

Kazi iliyonipeleka ilikuwa ndogo. Kiunzi, ile programu tunayojengea tovuti, kilikuwa na toleo jipya, na kabla ya kulitumia nilitaka kuendesha majaribio yake. Majaribio hayo hayaendi mpaka uandike mipangilio ya kanzidata, ghala la taarifa za tovuti: jina lake, mtumiaji, nywila. Siku zote alikuwa anaiandika Junaid.

Nikaandika. Nikabonyeza.

Yakagoma. Maandishi mekundu, kioo kizima.

Nikabadili nywila. Yakagoma tena. Nikalaza kichwa mezani nikalia, wala si kwa ajili ya kompyuta.

Ndipo ikanijia harufu. Kafuri... ile wanayopakwa maiti.

"Naima."

Nikainua kichwa.

"Umeweka kanzidata moja. Majaribio yanataka mbili. Ongeza ya pili."

Ilikuwa sauti yake. Ya chini, ya mtu aliyechoka na safari.

Nikaongeza ya pili. Nikabonyeza. Nukta zikaanza kujipanga kwenye kioo, moja, nyingine, nyingine... Hakuna kosa.

"Kaka..."

"Usigeuke, mdogo wangu. Mtoto mlimpa jina gani?"

"Muharami. Jina la baba yetu."

Upepo ulikuwa unapiga bati la jirani.

"Mzima?"

"Mzima kabisa, kaka. Mchana nimempakata mwenyewe. Kachukua macho yako."

Harufu ya kafuri ikazidi.

"Basi huyu niliyempakata mimi... ni nani?"

Sikumbuki kufunga mlango. Nilikimbia pekupeku mpaka nyumbani kwa wifi yangu. Nilimkuta ameketi mkekani, anakunja nguo ndogo ndogo. Mtoto alikuwa kitandani, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Mwanakhamisi akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, wifi," alinong'ona. "Leo kalala vizuri. Hajalia tangu magharibi."

Nikanyoosha mkono, nikamgusa shavu.

Baridi.

Daktari alisema ni mapafu, watoto wachanga huku hawaiwezi baridi ya Juni. Shehe niliyemweleza yote aliinamisha kichwa, akaniambia nimwombee kaka yangu, na nisitafute zaidi. Nimemwombea. Ofisi nimeirudisha kwa mwenye nyumba.

Mwanakhamisi hajawahi kuniuliza daktari alisemaje. Tukiwa wawili tu, jikoni, huacha alichokishika akanitazama.

"Wifi, jioni ile ulikuja mbio, hata viatu huna. Mimi mama yake nilikuwa sijajua. Wewe nani alikuambia?"