Mke wa Kwanza wa Abdulatif

Bandari ya Kigoma ilifurika watu siku ile. Meli ilikuwa imeshusha wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha mpakani cha Kagunga, na kila mwenye simu alitaka chaji. Nasra, ndani ya dera la kijani na mtandio uliokataa kutulia kichwani, alijipenyeza hadi kwenye kibanda cha kuchajia simu cha Abdulatif.

"Kaka, simu yangu imejaa?"

"Subiri, mrembo, nauawa."

Hakuinua hata macho. Kwenye simu yake zimwi lenye pembe lilikuwa linamtwanga. Nasra akakifunika kioo kwa kiganja. Abdulatif akafa mchezoni, akainua uso ili agombe, na ugomvi wenyewe ukamtoka kichwani. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Miezi mitatu baadaye barua ya posa ilifika Buzebazeba, kwa shangazi Asia aliyemlea Nasra. Jibu lingetolewa Ijumaa. Alhamisi, Nasra akiwa kibandani, simu ya Abdulatif ikawaka: "Mke wako Zuhura hajaonekana siku tatu. Mtafute!"

"Una mke?"

"Huyo? Wa mchezoni, laazizi."

"Barua imesema hujaoa! Kuwa wa pili si dhambi, Abdulatif. Dhambi ni kumdanganya shangazi yangu!"

Akaondoka. Alipigiwa mara kumi na moja, hakupokea. Ya kumi na mbili akapokea ili amtukane vizuri.

"Nasra wangu, Zuhura ni Gervasi."

"Gervasi yupi?"

"Yule Mrundi mrefu mwenye ndevu, aliyekuwa anachaji hapa. Zuhura ndilo jina lake la mchezoni. Mchezo ni wa bure, lakini upanga wa maana unauzwa kwa pesa halisi. Sasa sisi makapuku tunaoana humo, tunaongezewa nguvu."

"Umemuoa Gervasi."

"Kwa ajili ya nguvu tu, mpenzi!"

Nasra hakujua acheke au ampige mtu. Alikwisha kuujaribu mchezo huo, na uzuri ulikuwa nao: milima ya theluji, majoka yanayoruka, na mlangoni hakuna anayekuuliza umetoka nchi gani. Humo Gervasi alikuwa anakutana na rafiki zake wa Bujumbura waliotawanyika. Lakini ulikula bando kama moto, kila lango lilikusubirisha kwa saa nne nzima, na tajiri aliyeingia juzi alimchapa mtu aliyehangaika mwaka mzima. Na sasa ulitaka kumharibia ndoa!

Jioni Abdulatif alikwenda mwenyewe Buzebazeba, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasra amenisimulia yote. Mwache huyo mke."

"Humo kuoa ni bure, shangazi. Kuacha ndiko kunakolipiwa, na bei yake siiwezi. Labda mwenzako asipoingia siku thelathini, hapo ndoa inavunjika yenyewe."

"Na yuko wapi huyo Gervasi?"

Sauti ya Abdulatif ikashuka. "Amerudi Kagunga kumtafuta mama yake. Wanasema kule kuna kipindupindu. Simu yake haipatikani."

Shangazi Asia akaikunja barua. "Basi barua itakaa kabatini siku hizo thelathini. Mimi sipokei posa ya mume wa mtu."

Nasra alikasirika na kila mtu. Kila asubuhi alipiga simu.

"Leo ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili, asali wangu."

"Usiniite asali. Mchana huu mrefu mimi nifanye nini?"

Lakini siku ya ishirini ilipopita, utani ukaisha. Alichokuwa akikitaka kilianza kumtisha, kwa maana siku ya thelathini ikitimia kimya, yeye ataolewa, na mtu fulani huenda amekufa. Akaanza kuuliza kwa sauti ya chini. Ya ishirini na sita. Ya ishirini na nane.

Siku ya ishirini na tisa alikuwa uani akianika dagaa simu ilipoita.

"Nasra! Ameingia!"

"Nani?"

"Mke wangu! Yuko kambini, amempata mama yake! Ameandika, 'Amahoro, mume wangu, nipo hai.'" Kisha akaguna. "Ila siku zinaanza upya, Nasra. Thelathini nyingine."

Nasra alilia, akacheka, akaumwagia mchezo ule laana zote alizozijua. Akaingia ndani na mikono yake ya dagaa.

"Shangazi, itoe barua kabatini."

"Amemwacha?"

"Hajamwacha. Waambie nimekubali kuwa mke wa pili."