Namba Juu ya Karatasi ya Hayat

"Mama Hayat, huyu mutoto wako anaogopa nani?"

Jirani yake Dorothée alimuuliza hivyo siku chache kabla, wakianika nguo uani. Sikuzani alicheka. Mwanangu haogopi ila Mungu, akajibu, akaendelea kukamua shuka.

Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana, Hayat aliingia amejishika kichwa. Mtandio ulikuwa umechanwa kwa wembe kutoka sikioni mpaka begani. Alikuwa na miaka kumi. Vijana wawili walimkamata nyuma ya gereji, nyuso wamezifunga kwa vitambaa, wakampa karatasi. Akaisoma kwa kwikwi: "Ukisema uliyoona, siku nyingine ni uso."

"Uliona nini?"

Hayat alitazama pazia la chumba cha kaka yake. "Sikuona kitu, mama."

"Na hao vijana?"

"Mumoja alivaa jezi ya njano. Kama ya Chance."

Chance, miaka kumi na sita, alikuwa mtoto wa Dorothée. Walikimbia vita Uvira, wakapanga chumba ua huohuo. Sikuzani hakutaka hata kuitazama ile karatasi. Aliipeleka imekunjwa kwa mkuu wa nyumba kumi.

"Tuite wazazi, tuongee," mzee alimshauri. "Polisi ikiingia, mutoto wa mukimbizi atalala ndani."

"Na wangu akichanwa uso, utamushona we?"

Akaichukua karatasi, akaenda posti ya polisi. Saa kumi walimchukua Chance.

"Saa saba alikuwa kwenye korali, anaimba kanisani!" Dorothée alilia. "Muulize padri!"

"Padri wako atasema utakacho," Sikuzani akamjibu, mbele ya watu.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, wote waliitwa posti. Afande Eddy aliikunjua karatasi mezani.

"Juu hapa kuna namba imekwanguliwa, lakini inasomeka. Saba, nane, sita. Ni ya genge lenu?"

"Mi siijui, afande," alisema Chance.

Sikuzani akaitazama kwa mara ya kwanza, akaitambua. Kuna Waislamu wanaoandika namba hiyo badala ya Bismillahi, ili jina la Mungu lisije likakanyagwa karatasi ikitupwa. Marehemu mumewe, Mohamadi, aliizoea kwenye maduka ya Wahindi kule mtaa wa Asiatique. Alimfundisha mwanawe mkubwa, Ilyasi, asiandike neno lolote kabla ya namba hiyo. Hayat alikuwa hajaanza kusoma baba yao alipofariki.

"Mama, unaijua?"

"Apana," akasema Sikuzani.

Akarudi nyumbani moja kwa moja. Akamkuta Ilyasi anapiga pasi kanzu yake.

"Jana saa saba ulikuwa wapi?"

"Musikitini, mama."

"Imamu alisoma sura gani?"

Ilyasi aliendelea kupiga pasi ukosi.

"Leta daftari lako."

Kila ukurasa, juu: 786. Ilyasi akaweka pasi chini.

"Ijumaa ile nyingine Hayat aliniona na chupa ya bia, watu wako kwenye swala. Akasema atakuambia."

"Ndiyo umukate mudogo wako na wembe?"

"Wembe ni wa rafiki yangu Uthmani. Jezi pia yake. Tulikuwa wote, lakini nilimwambia amutishe tu." Akaikunja kanzu. "Nilikuogopa we. Kila siku mbele ya wamama: Ilyasi wangu mutoto wa musikiti, Ilyasi wangu mutoto wa musikiti. Ningekuja na uso gani?"

"Na Chance, analala ndani bure?"

"Nilitaka kusema. Nikaona we mwenyewe umeshaamini."

Sikuzani alikaa kwenye mkeka. Angeweza kunyamaza, kule posti hakuna mwingine aliyeijua ile namba. Akasimama, akamshika Ilyasi mkono.

Saa tano walikuwa posti. Dorothée alikuwa bado kwenye benchi.

"Afande, nilikudanganya. Namba naijua. Andika Ilyasi, mutoto wa Mohamadi. Ni wangu."

Eddy alishusha kalamu. "Mama, mambo ya ndugu kwa ndugu yanamalizikia nyumbani."

"Jana hukuniambia hivyo kwa mutoto wa mwenzangu. Andika. Na Uthmani pia."

Chance alitolewa, ameshikilia suruali kwa mkono. Mkanda walikuwa wamemvua. Sikuzani alipiga magoti kwenye saruji, askari wote wanaona.

"Mama Chance, nimekukosea. Nimemukosea na mutoto, na padri wako. Kama unataka kunitukana, nitukane."

Dorothée alichukua mkanda mezani, akampa mwanawe, akangoja aufunge. Halafu akamshika bega, wakampita Sikuzani palepale chini, wakatoka.