Ua la Ukuta wa Mabanga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dative aliondoa jiwe zito juu ya mbao mbili, akafungua magazeti na kulitazama ua lake. Kisha alibadilisha magazeti, kwa sababu ua lililobanwa hukauka vizuri likiwa kwenye karatasi kavu. Alilichuma kwa ruhusa ya walinzi siku darasa lao lilipotembelea mbuga, mahali ambapo mawe ya volkano ni meusi na makavu kama jangwa. Likikauka vizuri, lingetunzwa katika kabati la mimea mikavu la mbuga, pamoja na etiketi, karatasi ndogo yenye jina la Dative na mahali lilipochumwa. Mtaa mzima wa Mabanga, mjini Goma, ulikuwa na habari hiyo, maana Dative hakuwa mtu wa kuficha sifa zake.

Kisha mvua zikaja, na bati la kwao lilikuwa linavuja. Dative alifanya kile ambacho watu wengi wa Goma hufanya ili kuokoa kitu cha thamani: alilifunga ua lake ndani ya sashe, yaani mfuko wa plastiki. Alipofungua baada ya siku chache, alikuta limeota ukungu. Plastiki ilizuia maji ya nje, lakini ilifungia unyevu wa ndani.

Dative alilia sana. Halafu akaona ua kama lile lile, la manjano, limechipua kwenye ukuta wao. Kuta za Mabanga hujengwa kwa mawe ya volkano, na mama yake, Mukamugema, huyang'oa maua hayo kama magugu. Dative alichuma moja, akalikausha kwa uangalifu, na kwenye etiketi akaandika: "Limechumwa mbugani."

Siku ya kukabidhi, Papa Wenceslas, mtunzaji wa mimea mikavu ya mbuga, alifika darasani. Aliliinua ua la Dative ili wote walione.

"Angalieni kazi ya huyu mutoto," alisema. "Watu wenye hawajazaliwa watasoma hii etiketi, na watatafuta hii ua pale pale ameandika."

Wenzake walipiga makofi. Dative alikuwa ameyangoja makofi hayo, lakini sasa yalimchoma. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilianzia ukutani kwao na kuishia pale mbele ya darasa.

"Papa, hiyo haikutoka ku parke," alisema kwa sauti ndogo. "Ile ya parke ilioza. Hii nilichuma ku ukuta ya kwetu, Mabanga."

"Kama ungenyamaza, singejua. Juu ya nini umesema ukweli?"

"Juu watu wataitafuta ku parke, fasi haikutoka."

Papa Wenceslas akampa etiketi mpya na kalamu. Dative aliandika: "Ukuta wa mawe, Mabanga, Goma."

"Hii ua ya parke tuko nayo mingi," alisema mzee. "Ya muji hatukuwa na hata moja. Yako njo ya kwanza." Akaligeukia darasa. "Sikieni, watoto. Ua ya kukauka haisemi. Etiketi njo inasema kwa fasi yake. Ikidanganya, hata ua nzuri inabaki majani tu. Kazi ya mutu inadumu kama iko na ukweli ndani."

Siku hiyo Dative alirudi nyumbani kichwa juu, na safari hii alikuwa na haki ya kujisifu.

Mama Mukamugema haugusi tena mmea ule. Jirani alipomwambia ausafishe ukuta wake, alimjibu kwa utulivu, "Acha. Hiyo iko mu kabati ya parke, na jina ya mutoto yangu."