Kimbunga Aliyetulia

Fundi viatu alifanya kazi kibarazani kwake. Mkononi alishika nyundo, mdomoni alibana misumari, na masikio yake yalikuwa ndani ya nyumba. Alitega asikie miguu ya bintiye. Kimya.

Bintiye alikuwa na miaka tisa. Kule milimani walikotoka, bibi yake alimwita Kimbunga, maana akipita mahali hapabaki salama. Huko mtoto alikwenda shule kwa miguu. Kila asubuhi shule nzima ilikimbia na kucheza kabla ya masomo, kwa agizo la mkoa ule. Huku mjini gari la shule lilimchukua mlangoni, likamrudisha mlangoni. Sasa Kimbunga alitulia kama maji mtungini. Alikula kidogo na usingizi ulimruka.

Fundi alikuwa na hamu na bintiye, na bintiye huyo hapo, ng'ambo ya ukuta.

Jioni moja jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuchukua kiatu chake.

"Hodi, fundi. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, dada. Mji umemtia adabu. Hata viatu vyake havichakai! Kule nilivishona kila mara. Huku vinambana vidole, na soli bado mpya."

Muuguzi hakucheka. "Viatu vya watu wote unavijua. Vya mwanao hujaviona? Hivyo ni viatu vya mtoto asiyekimbia."

"Nimemnunulia dawa ya kumpa hamu ya kula."

"Dawa ya nini? Mtoto kama yeye anahitaji kuchezesha mwili angalau saa moja kila siku. Akimbie, aruke, aheme juu juu. Moyo na mifupa hupata nguvu, usingizi huja, na darasani husikiliza vizuri. Kwani shuleni kwao hakuna kipindi cha michezo?"

Fundi alitoa misumari mdomoni.

"Kilikuwepo. Huku kila shule hujiamulia. Wazazi tukaomba kiwe cha hesabu. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono. Majuto ni mjukuu, dada."

"Huyo mjukuu bado mchanga," muuguzi akasema. "Mkono ulionyooka juzi unaweza kunyooka tena."

Wakati wa kula, fundi alimtazama bintiye akichezea chakula.

"Mwanangu, unatamani nini?"

"Natamani kuchoka, baba."

"Kuchoka?"

"Kule nilikuwa nachoka vizuri."

Fundi alirudisha tonge sahanini.

Kikao cha wazazi kilipofika, alisimama. Alisema yote aliyoelezwa na muuguzi.

"Na mtihani je?" baba mmoja akauliza. "Watafaulu kwa kuruka kamba?"

"Wangu anashinda na hesabu kutwa, ndugu yangu, na alama zinashuka," fundi akajibu.

"Uwanja wetu ni mdogo kama kiganja," akasema mwalimu mkuu.

"Kamba haitaki uwanja mkubwa, mwalimu. Watoto waruke kwa zamu."

Wazazi walibishana hadi sauti zikawakauka. Mwisho mikono ilinyooka, mingi. Kipindi cha michezo kilirudishwa, na ikakubaliwa kwamba watoto wacheze kila asubuhi kabla ya masomo. Waliokaa karibu waliacha gari. Wazazi walipeana zamu ya kuwasindikiza watoto kwa miguu.

Wiki za kwanza Kimbunga alirudi akilalamika kwamba miguu inauma. Kisha akaanza kuomba chakula cha pili. Mama yake alimkuta amelala na kijiko mkononi, akamwita mumewe aje kuona.

Siku moja fundi alisikia kishindo cha watoto wakija mbio. Aliweka nyundo chini, akafungua mikono ampokee bintiye.

"Shikamoo baba!" Kimbunga alipiga kelele, akainama, akapita chini ya mkono wake.

"Marahaba! We, huna hata dakika ya baba yako?"

"Baadaye, baba! Wananingoja!"

Alikwishafika kwenye kona. Fundi alibaki mikono wazi. Alikuwa amepitwa, na alifurahi kupitwa.