Bibi Mkubwa wa Chumba cha Baridi

Mtoto alikataa ziwa. Mama yake, mchapaji katika ofisi ya kuchapa nyaraka, alidhani ni meno. Lakini meno gani haya? Mtoto hakulia njaa, na mashavu yalizidi kujaa.

Akamshuku mfagiaji. Ndiye aliyeingia na kutoka chumba cha nyuma cha ofisi, alimolazwa mtoto kwa kuwa humo tu ndimo mlimokuwa na kiyoyozi. Kiyoyozi chenyewe hakikuwekewa binadamu. Kiliwekewa Bibi Mkubwa, kompyuta moja iliyobeba mfumo wa ofisi nzima. Zile za mezani hazikuwa na diski. Kila asubuhi ziliamka tupu, zikavuta kila kitu kwake kupitia waya.

"Akizimika yeye, zote maiti," fundi wa kompyuta alipenda kujisifu.

"Shoga, unamnyonyesha mwanangu?" mchapaji alimnong'oneza mfagiaji.

"Kwa ziwa lipi? Yangu yalikauka wewe hujaolewa! Mimi humo naingia nimeziba pumzi. Hiyo harufu huisikii?"

Alikuwa akiisikia. Maziwa yaliyochacha.

Mchana akauacha ukurasa katikati, akanyata hadi mlangoni, akasikia mtu akifyonza kwa pupa, akachungulia, na humo hamkuwa na mtu ila mwanawe, kinywa wazi kuelekea ile mashine, koo likipanda na kushuka, maziwa yakimchuruzika kidevuni, na taa za Bibi Mkubwa zikipepesa kwa kila funda, na alipogeuka akaona vioo vyote vya kompyuta za mezani, hata ambavyo hapakuwa na aliyeketi mbele yavyo, vikipepesa vivyo hivyo.

Mfagiaji alimleta mganga. Fundi akakataa katakata Bibi Mkubwa kuguswa. "Kazi za watu zitapotea. Agua hizi za mezani."

Mganga akaziagua moja moja. Kila iliyowashwa upya ilirudi na harufu ileile.

"Mnanipa matawi," alisema, jasho likimtoka. "Jini yuko kwenye shina."

"Dada, tusubiri bosi..." fundi alimwambia mchapaji.

"Msubiri wewe. Mtoto si wa bosi."

Mchapaji akaingia mwenyewe, akabonyeza kitufe cha kumzima Bibi Mkubwa.

Feni ikanyamaza. Vioo vikafa kimoja baada ya kingine. Harufu ikakatika kama iliyofungiwa mlango.

"Ametoka," mganga alisema. Mfagiaji akacheka kwa kuchoka.

Mchapaji akamwinua mwanawe. Kichwa kikamwangukia mkononi. Macho yalikuwa wazi, hayaoni, kifua hakipandi. Akampuliza, akamtikisa, akamwita. Mganga alikuwa ameshafika mlangoni, akirudi kinyumenyume.

"Washa," mchapaji alisema.

"Ukimwasha, jini hatatoka tena," mganga alisema.

"Fundi! Nimesema washa!"

Fundi akabonyeza. Feni ikakohoa. Vioo vikaamka mezani, kimoja, kingine, na baada ya vyote mtoto akavuta pumzi. Mama yake akamtolea ziwa upesi. Mtoto akaligeuzia kisogo, akainyooshea ile mashine mikono yote miwili.

Mchapaji akafunga vifungo vya blauzi, polepole, hadi cha mwisho.

"Fundi," akauliza, "umeme ukikatika?"

"Kuna betri, dada."

"Inadumu kiasi gani?"

"Dakika chache," fundi alisema.